Imani ya Tahadhari na Gharama Zake

Nilikuwa na umri wa miaka 17 usiku ule nilipogundua kwamba sijui kama yupo anayenisikiliza. Nilikuwa nimekwisha kupiga magoti kando ya kitanda, maneno ya kwanza ya sala yamekwisha kunitoka mdomoni, mara nikajisikia nikisema peke yangu chumbani. Nilinyamaza kidogo, nikawaza, kisha nikajiambia neno ambalo kwa akili yangu ya wakati ule lilikuwa hekima tupu: kama Mungu yupo, nitakuwa nimeiokoa nafsi yangu; kama hayupo, nitakuwa sijapoteza kitu. Nikaimaliza sala, nikalala. Tangu usiku huo hadi nilipotimiza miaka 36 niliishika dini kwa sababu hiyo moja tu, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyejua, kwa kuwa kwa nje sikuwa na tofauti yoyote na waumini wenzangu.

Andiko hili ni juu ya yale maneno ya mwisho, kwamba nitakuwa sijapoteza kitu. Sikusudii kumthibitishia mtu kwamba Mungu yupo wala kwamba hayupo, na wanaoamini kwa moyo wao wote ninawaheshimu leo kuliko nilivyowaheshimu nilipokuwa nimeketi katikati yao. Ninachotaka kueleza ni kwamba tahadhari ile ilikuwa na bei, kwamba niliilipa kwa miaka 19 bila kuitazama, na kwamba sehemu ya bei hiyo ililipwa na watu wengine ambao sikuwahi kuwataka ushauri.

Hoja yenyewe haikuwa yangu, ingawa nilidhani nimeibuni. Wengi huifikia bila kuisoma popote, kwa sababu imekaa jirani kabisa na busara yetu ya kila siku: tahadhari kabla ya hatari, heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliyeivika vazi la hesabu ni mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufariki mwaka 1662 akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka 1654 yeye na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla haujaisha, na barua hizo zimo katika misingi ya hisabati ya uwezekano kama tunavyoijua leo. Katika maandiko aliyoyaacha bila kuyakamilisha, yaliyochapishwa mwaka 1670, Pascal aliichukua kamari hiyo akaipeleka kwenye suala la Mungu. Huwezi kukataa kucheza, alisema, kwa kuwa tayari umo chomboni. Ukiweka dau lako kwamba Mungu yupo, na ikawa kweli yupo, unapata heri isiyo na mwisho. Ikiwa hayupo, ulichopoteza ni kitu chenye mwisho, nacho mbele ya kisicho na mwisho hakihesabiki.

Zaidi ya miaka 500 kabla yake, Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kunukuu beti zenye hoja ya jamaa hiyohiyo. Ndani yake mnajimu na tabibu wanadai kwamba wafu hawatafufuliwa, na mshairi anawajibu kwamba ikiwa neno lenu ni sahihi mimi sina hasara, na ikiwa langu ndilo sahihi, basi hasara ni yenu. Mimi sina hasara: ndilo neno nililojiambia nikiwa nimepiga magoti, nikalala usingizi mzuri.

Nianze na hasara zinazohesabika, ambazo kwa kweli ndizo nyepesi. Ibada za siku ya Jumapili na mazoezi ya kwaya katikati ya juma vilinichukulia saa 6 kwa wiki, ambazo kwa miaka 19 zinakaribia saa 6,000. Anayesali mara 5 kwa siku, akitumia dakika 10 kila mara pamoja na kujitayarisha, hutoa takriban saa 304 kwa mwaka, na kwa miaka 40 zaidi ya saa 12,000, ambazo ni zaidi ya siku 500 kamili, usiku na mchana. Kwa mwenye imani hizo huenda ndizo saa bora za maisha yake, saa ambazo anatulia na kukumbuka yeye ni nani. Kwangu zilikuwa saa za kungoja zipite. Fungu la kumi nalo hesabu yake ni rahisi: kila miaka 10 unatoa ujira wa mwaka mzima, kwa hiyo mimi nilitoa ujira wa karibu miaka miwili.

Fedha zile sizililii, maana najua baadhi yake ziliwafikia wenye shida. Ninachojutia ni namna nilivyokuwa nazitoa. Kila mwaka tulipewa bahasha yenye jina la mtu na vyumba 12 vilivyochorwa juu yake, kimoja kwa kila mwezi, na mhazini alitia sahihi katika chumba cha mwezi husika baada ya kuhesabu kilichomo. Nakumbuka jinsi nilivyokuwa nasimama mbele ya meza yake nikiitazama kalamu mpaka ile sahihi ikamilike, na jinsi moyo ulivyokuwa unatulia wino ulipogusa karatasi. Kwa miaka yote hiyo sikumuuliza hata mara moja kama yuko mgonjwa, au yatima, au mjane ambaye fungu lile linamfikia. Nilichotaka kujua ni kama limeandikwa. Mtu anayelipia bima hufanya hivyohivyo, hamuulizi wakala fedha zake zimemsaidia nani, hutaka stakabadhi. Nami nilifika mahali ambapo tendo la kutoa, tendo ambalo katika dini zote nizijuazo limekusudiwa kuulainisha moyo, liliufanya wangu kuwa mkavu zaidi kila mwezi.

Kuna gharama nyingine iliyokuwa ikinitoka kila usiku. Sala ya tahadhari haina kipimo cha kutosha. Anayezungumza na Mungu anayemwamini anaweza kusema maneno mawili akalala, kwa sababu anajua amesikiwa. Mimi nilikuwa kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba, akapanda kitandani, akaanza kujiuliza kama kweli alizungusha ufunguo. Nilimaliza sala, nikazima taa, kisha nikakumbuka kwamba nilipokuwa nikitaja majina ya ndugu zangu nilikuwa nawaza kazi ya kesho, basi huenda sala ile haikuhesabiwa. Nikaamka, nikapiga magoti tena sakafuni, nikarudia yote tangu mwanzo. Kuna usiku nilirudia mara tatu. Ajabu ni kwamba aliyenitia hofu hiyo hakuwa Mungu, kwa maana kwake sikuwa na uhakika wowote. Aliyenitia hofu ni lile neno "kama". Kama yupo, je, atanihukumu kwa sala ya nusu? Imani ingenipa mahali pa kutua, na kukataa kungenipa mahali pa kutua pia, bali mimi nilijichagulia uzi mwembamba uliotandazwa kati ya vyote viwili nikautembea kwa miaka 19, nikijiita mtu mwenye busara.

Nimefikiri sana kwa nini katika muda huo wote sikutafuta jibu. Nilikuwa mtu wa kusoma, mwenye kudadisi mambo mengine yote mpaka mzizi wake, nikauacha peke yake ule ulioyabeba maisha yangu yote. Nadhani sababu ni kwamba tahadhari hulifanya jibu kuwa jambo la hatari. Ukiisha kukata bima, huendi kuuchunguza msingi wa nyumba kwa shauku; unaogopa utakachokikuta. Kama ningechunguza nikaona kwamba siamini, ningelazimika kuacha, na kuacha ndiko kulikokuwa kunaniogofya. Kama ningechunguza nikaona kwamba naamini, ningelazimika kuishi kama mtu anayeamini, na hilo pia lingenigharimu mengi ambayo nilikuwa nimeyakwepa. Hivyo swali lenyewe nikalifungia ndani. Nilikuwa nawaona waumini wa kweli wakipambana na mashaka yao, wakilia, wakikesha, wakimwuliza Mungu kwa hasira kwa nini amenyamaza, wakatoka upande wa pili na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Mimi sikuwahi kukesha, kwa sababu sikuwa na neno la kumwuliza. Hii naihesabu kuwa hasara kubwa kuliko zile saa 6,000: nilikuwa karibu na maji miaka yote hiyo na sikuyanywa, wala sikuondoka kwenda kutafuta maji kwingine.

Nilipokuwa na miaka 26 nilimpenda mtu wa dini nyingine. Tulijuana kwa zaidi ya mwaka mmoja, tukaelewana katika mambo mengi ambayo watu hugombana juu yake kabla hata ya ndoa, na likaja swali ambalo lazima lingekuja. Nilimwambia kwamba siwezi kumwoa mtu asiye wa imani yangu. Nilisema hivyo, "imani yangu", kwa sauti ya mtu aliyeshika jambo zito. Yeye alikuwa anaamini kweli, anafunga, anasali kwa wakati wake, na kwa sababu hiyo alinielewa kwa urahisi ulioniumiza. Aliniambia, "Siwezi kukulaumu. Hata mimi nisingeweza kuiacha yangu." Alilia, lakini aliondoka akiniheshimu. Aliheshimu kitu ambacho hakikuwapo. Laiti angejua kwamba aliachwa kwa ajili ya hofu ya mtu kuharibu stakabadhi zake, nadhani angekasirika, na angekuwa na haki ya kukasirika. Mimi nilimnyima hata hasira hiyo.

Hapa ndipo naiona kasoro ya ile hesabu. Inasema kwamba unachokiweka mezani ni chako, nacho ni kidogo. Ila maisha ya mtu si yake peke yake. Dau nililoliweka lilikuwa na watu ndani yake.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa kwaya. Tuliimba sauti ya nne tukiwa tumesimama bega kwa bega kwa miaka minane, tukitumia daftari moja la nyimbo kwa sababu yeye alikuwa anasahau lake kila mara. Aliugua, ugonjwa ukawa wa kumaliza, na alipoletwa nyumbani nilikwenda kumwona kama tulivyokwenda wote, kwa zamu. Alasiri moja aliwaomba waliokuwa chumbani watupishe. Alisubiri mlango ufungwe. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, umekonda hata pete ilikuwa imevutwa mpaka kwenye kifundo cha kidole ili isianguke, na alikuwa akiizungusha kwa kidole gumba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, wewe unaamini kweli?"

Nilimjibu papo hapo. Nilisema, "Naamini, na wewe usitie shaka." Kisha nikamsomea Zaburi ya 23 kwa kichwa, yote, kwa sauti nzuri, maana sauti ninayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Asante," akageuza uso wake upande wa ukutani, na mimi nikatoka nikiwaambia waliokuwa nje kwamba amepumzika.

Alifariki baada ya siku 11. Miezi kadhaa ilipita kabla mjane wake hajanieleza kwamba katika wiki zile za mwisho mumewe alikuwa amewauliza watu watatu swali hilohilo, na wote watatu walimjibu kama nilivyomjibu mimi. "Shemeji," aliniambia, "hakuwa anatafuta mtu wa kumhubiria. Alikuwa anatafuta mtu wa kuogopa naye." Hakusema kwa lawama. Hakujua kwamba katika watu wote aliowauliza mumewe, yuko mmoja aliyekuwa na hofu ileile kwa miaka 19, aliyekuwa anaweza kumshika mkono na kusema sijui, hata mimi sijui, tukae hapa pamoja. Sikumjibu hivyo kwa sababu kukiri kungekuwa kama kuichana bima yangu mbele ya shahidi, na huko kitandani kwa mgonjwa nilikuwa bado najilinda mimi. Kama Mungu yupo, siamini kwamba aliandika jibu langu lile upande wa faida.

Baada ya maneno ya shemeji niliacha. Sikuacha kwa sababu nilikuwa nimefikia uamuzi juu ya Mungu. Niliacha kwa sababu nilijua sasa tahadhari yangu inakula nini.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi kwenye hoja ya Pascal, nikiwa na kisa hiki mkononi, na kinachonitisha ni ule wingi usio na mwisho. Wanaoitetea husema: sawa, umepoteza mchumba, umepoteza saa na fedha, umepoteza neno la kweli mbele ya rafiki anayekufa, lakini vyote hivyo vina mwisho, na heri ya milele haina mwisho, kwa hiyo dau bado linalipa. Kihesabu wako sahihi. Ukizidisha uwezekano wowote, hata uwe mdogo kama punje ya haradali, kwa kitu kisicho na mwisho, unapata kisicho na mwisho. Basi hakuna gharama ambayo hesabu hiyo itawahi kuikataa. Itakubali umpe Mungu saa moja kwa wiki, itakubali umpe ujana wako wote, itakubali umwache mwanao asiyefuata njia yako, itakubali ukae na mume anayekupiga kwa sababu ndoa haivunjwi, na kila mara itakwambia kwamba ulichotoa ni kidogo. Bima ya nyumba ina kiwango, na siku ambayo ada inazidi thamani ya nyumba, mtu mwenye akili huiacha. Hii haina siku hiyo. Anayeanza nayo kwa sala moja fupi ya usiku amekwisha kuikubali kanuni ambayo haina neno "basi".

Wala hesabu hiyo haisemi ni Mungu yupi. Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika katika karne ya 18 kwamba imamu naye anaweza kuitumia hoja hiyohiyo, na alikuwa sahihi: nilipokuwa nikijilinda dhidi ya moto wa dini yangu, nilikuwa najiweka wazi kwa maonyo ya dini ya yule niliyemkataa, na ya nyingine zote. Tahadhari iliyo kamili ingenitaka nizishike zote pamoja, jambo ambalo zenyewe zinalikataza. Nilichokuwa nacho kilikuwa ni tahadhari dhidi ya Mungu wa nyumbani kwetu, kwa sababu tu ndiye niliyefundishwa kumwogopa nikiwa mtoto.

Jambo lililonishangaza kuliko yote nilipoanza kusoma kwa uhuru ni kwamba dini zenyewe hazikuwahi kuniuzia bima hiyo. Katika Agano Jipya, kanisa la Laodikia linaambiwa kwamba kwa kuwa ni vuguvugu, si moto wala si baridi, litatapikwa. Anayetajwa hapo kuwa afadhali kuliko vuguvugu ni pamoja na aliye baridi. Yesu katika Injili ya Luka anamtaka anayekusudia kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama, wala hamwambii kwamba mnara hauna gharama. Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anakubali waziwazi kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi yeye na wenzake ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Hakusema hatutakuwa tumepoteza kitu. Alikuwa amepigwa, amefungwa, amevunjikiwa na merikebu, naye alijua kwamba kama amekosea, amepoteza kila kitu, akaenda hata hivyo. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na mimi, na naiona kubwa. Kurani nayo, katika Sura ya 22, aya ya 11, inamtaja mtu anayemwabudu Mwenyezi Mungu akiwa ukingoni, ambaye akipata heri hutulia, na akipatwa na msukosuko hugeuka. Inasema juu yake kwamba amekhasirika dunia na akhera. Nilipoisoma aya hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Hasara ya pande zote mbili, kwa mtu aliyedhani amejiwekea faida ya pande zote mbili. Na mwaka 1896 mwanafalsafa Mmarekani William James, aliyekuwa mtetezi wa haki ya kuamini bila ushahidi kamili, aliandika kwamba kama sisi ndio tungekuwa katika nafasi ya Mungu, huenda tungefurahia kuwanyima thawabu yao waumini wa aina hii. Hayo ni maneno ya rafiki wa imani.

Nami sipendi kumwonea Pascal, maana yeye mwenyewe hakuishi kwa dau. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu usiku, lilimpata jambo ambalo aliliandika kwa maneno machache yaliyokatika, la kwanza likiwa neno "Moto", na kufuatiwa na Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu. Andiko hilo alilishona ndani ya bitana ya koti lake, akalibeba kwa miaka minane bila kumwonyesha mtu, na mtumishi wake aliligundua baada ya kifo chake. Mimi nilikuwa nimelichukua dau lake bila kujua kuhusu koti. Alikuwa na jambo lililomkuta, na dau aliliandika kwa ajili ya wale ambao bado halijawakuta, akawashauri waanze kwa matendo, washike maji ya baraka na kuomba misa zisomwe, wakitumaini kwamba imani itafuata. Huenda kwa baadhi hufuata. Nimewajua watu wawili ambao walianza kwa mazoea tu na wakaja kuamini kikweli. Kwangu mazoea hayakuzaa imani, yalizaa ustadi. Nilikuwa hodari wa kuonekana.

Ni lazima niseme pia kwamba simzungumzii hapa mtu anayenyamaza kwa sababu akisema wazi atafukuzwa nyumbani, au atapoteza watoto, au uhai. Yule analipa bei aliyotozwa na wengine, na hana deni la maelezo kwa mtu yeyote. Nazungumza juu ya mtu kama nilivyokuwa mimi, ambaye hakuna aliyemshika koo, aliyekuwa na wazazi wapole na marafiki waelewa, akachagua kujificha kwa kuwa aliambiwa na hesabu yake mwenyewe kwamba kujificha ni bure.

Mtu wa mwisho kujua alikuwa Mama. Niliahirisha kwa karibu mwaka mzima. Nilimwambia Jumamosi jioni, tukiwa wawili, naye alikuwa anaipiga pasi nguo yake ya Jumapili. Nilisema, "Mama, kuna jambo nataka kukueleza kuhusu mimi na kusali." Nikaeleza. Hakukatiza. Nilipomaliza aliisimamisha pasi wima, akauliza, "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nikiwa na miaka 17."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, na nilimwona anarudi nyuma, anapita mwaka baada ya mwaka, anafungua kila siku aliyoitunza. Kisha akasema, "Siku ile tuliyomzika baba yako. Sala ile uliyoiongoza pale kaburini."

"Siku ile pia, Mama."

"Nimeishi na sala ile," alisema. "Miaka sita nimeishi nayo." Hakuna neno nililokuwa nalo la kumpa. Ile sala niliyoisema kwa tahadhari, yeye aliipokea kama mkate, na sasa nilikuwa nimesimama mbele yake namwambia kwamba haukuwa mkate. Aliichukua pasi, akaimalizia mikono ya ile nguo, akaitundika. Alipokuwa anaelekea chumbani kwake aliuliza bila kugeuka, "Kesho utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza, Mama."

Nilimsindikiza. Tuliketi mahali petu pa siku zote, na ulipofika wakati wa sala watu wote waliinamisha vichwa na kufumba macho. Mimi sikuyafumba, ikiwa ni mara ya kwanza tangu utoto, na nilipogeuza uso nilimwona Mama naye ameyafumbua, ananitazama.